Daftari la Waliohukumiwa kwa Ubakaji: Linafanyaje Kazi, na Sisi Tufanye Nini?

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo, mkoa wa Singida)



Leo tunazungumza habari nzito. Ni habari ya watu wanaobaka, na watu wanaowaharibu watoto. Wengine watasema, habari hizi hazisemwi mbele ya wakwe. Tunaelewa. Tutasema kwa heshima, lakini tutasema, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Watu wengi wamesikia redioni kwamba ziko nchi zenye daftari la majina ya waliohukumiwa kwa makosa haya, na kwamba mwananchi yeyote anaweza kulisoma. Basi wanauliza: Daftari hilo linafanyaje kazi? Kwa nini na sisi tusiwe nalo? Kwa nini tusibandike majina kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kila mtu akayasoma? Maswali haya ni mazuri. Tuyajibu polepole, moja moja.

DAFTARI HILO NI NINI?

Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tunajua faida ya daftari. Mwenye ghala anaandika magunia. Kikundi cha akina mama kinaandika akiba. Mwenye kuku anaandika tarehe ya chanjo. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Daftari tunalolizungumza leo linaandika watu. Ni orodha inayotunzwa na serikali. Ndani yake yamo majina ya watu ambao mahakama imewakuta na hatia ya ubakaji, ulawiti, au kuchezea watoto kwa aibu. Angalieni neno hilo: mahakama imewakuta na hatia. Mtu aliyesemwa kisimani hamo. Mtu aliyekamatwa jana hamo. Kutuhumiwa ni jambo moja, kuhukumiwa ni jambo jingine.

MAREKANI: DAFTARI LA WAZI

Nchi inayojulikana zaidi kwa daftari la wazi ni Marekani. Nchi hiyo ina majimbo 50, na karibu kila jimbo limegawanywa katika kaunti. Kaunti ya shamba ni kama wilaya zetu za Mkalama au Ikungi: eneo ni kubwa, nyumba ziko mbalimbali, watu wanalima na kufuga. Mkuu wa polisi wa kaunti huitwa sherifu, na mara nyingi wananchi wenyewe humchagua kwa kura. Ofisini kwake ndiko mtu aliyehukumiwa huenda kujiandikisha.

Daftari hilo lilianzaje? Jimbo la California lilianza zamani, mwaka 1947, lakini daftari lake lilikuwa la polisi peke yao. Mwaka 1989, katika jimbo la Minnesota, mtoto wa miaka 11, Jacob Wetterling, alitekwa njiani akirudi nyumbani kwa baiskeli. Mama yake alipigania sheria, na mwaka 1994 serikali ya Marekani ikayataka majimbo yote yawe na daftari. Mwaka huohuo, jimbo la New Jersey, mtoto wa kike wa miaka 7, Megan Kanka, aliuawa na jirani. Jirani huyo alikwisha hukumiwa zamani kwa kuharibu watoto.  Wazazi wa mtoto hawakuwa na habari zake. Uchungu wa wazazi hao ndio uliozaa sheria ya mwaka 1996, inayotaka wananchi nao waambiwe.

Sasa tuangalie kazi yenyewe, hatua kwa hatua. Kila jimbo lina taratibu zake, lakini mambo makubwa ni haya:

1. Kwanza mahakama inahukumu. Bila hukumu hakuna kuandikwa.

2. Kabla ya kutoka gerezani mtu anaandikishwa. Kama hakufungwa, anatakiwa kwenda kujiandikisha ndani ya siku tatu za kazi.

3. Yanaandikwa jina lake, anapokaa, anapofanya kazi, anaposoma, na namba ya gari lake. Anapigwa picha. Alama za vidole zinachukuliwa.

4. Makosa yana ngazi tatu, kwa sheria ya mwaka 2006. Mwenye kosa la ngazi ya chini hukaa daftarini miaka 15, na kila mwaka huenda kuonekana kwa macho. Wa ngazi ya kati hukaa miaka 25, na huenda kila miezi sita. Wa ngazi ya juu hukaa maisha yake yote, na huenda kila miezi mitatu.

5. Akihama nyumba au akibadili kazi, lazima aseme ndani ya siku tatu za kazi. Akijificha anatenda kosa jipya, na anaweza kufungwa tena.

6. Wananchi wanasoma sehemu ya daftari kwenye intaneti. Tangu mwaka 2005 iko njia moja ya kutafuta jina katika majimbo mengi kwa pamoja. Jina la mtu aliyetendewa ubaya haliwekwi.

Waliomo katika madaftari hayo wamezidi laki saba. Ni watu wengi kweli.

KENYA: DAFTARI LISILO LA KILA MTU

Tusidhani jambo hili liko ng'ambo tu. Majirani zetu wa Kenya wana Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, namba 3 ya mwaka 2006. Aliyeipeleka bungeni ni Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Sheria hiyo inamwagiza Msajili wa Mahakama Kuu kutunza daftari la waliohukumiwa kwa makosa haya.

Lakini daftari la Kenya si ubao wa hadharani. Mtu mwenye sababu ya maana huomba kuliona kwa utaratibu uliowekwa. Tuseme shule inataka kumwajiri mlinzi wa bweni. Shule hiyo ina sababu ya maana. Mtu anayetaka tu kumcheka jirani yake hana sababu.

Sheria hiyo ina jambo jingine zuri. Mtu aliyehukumiwa akiomba kazi ya kulea au kusimamia watoto, lazima aseme mwenyewe kwamba alihukumiwa. Akificha, ametenda kosa.

JE, DAFTARI LA WAZI LINASAIDIA?

Tusidanganyane. Linasaidia kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine linaleta shida. Tuseme yote mawili.

Faida yake ni kwamba mzazi anaweza kujua. Polisi nao wanajua pa kuanzia wanapotafuta. Mwaka 2011 wachunguzi wawili wa Marekani, J. J. Prescott na Jonah Rockoff, waliandika kwamba polisi wakijua anapokaa mtu aliyehukumiwa, makosa juu ya majirani na watu anaofahamiana nao hupungua. Lakini wachunguzi haohao waliona jambo la pili. Majina yakitangazwa kwa watu wote, waliotangazwa wanaweza kurudia makosa zaidi. Kwa nini? Mtu asiye na kazi, asiye na nyumba, asiye na wa kumsalimia, hana cha kupoteza.

Tuchukue mfano wa kaunti ya Miami-Dade, jimbo la Florida. Mwaka 2005 kaunti hiyo ilikataza watu waliohukumiwa kwa makosa ya kuharibu watoto kukaa karibu na shule, chini ya futi 2,500, yaani kama mita 760. Mjini, mahali pasipo karibu na shule ni pachache sana. Basi watu hao wakaenda kuishi chini ya daraja, juu ya bahari, hadi walipoondolewa mwaka 2010. Daftari lilijua walipo. Lakini je, mtu anayelala chini ya daraja, bila kazi wala ndugu, amekuwa salama zaidi kwa watoto? Fikirini wenyewe.

Shida ya pili ni kusoma vibaya. Ninyi mnajua kwamba herufi chache zinaweza kubadili maana yote. Mwaka 2000, huko Newport nchini Wales, watu waliandika maneno ya matusi mlangoni kwa daktari wa watoto. Kwa Kiingereza, jina la kazi ya daktari wa watoto linaanza sawa na neno la mtu anayetamani watoto. Watu walisoma mwanzo wa neno, hawakumaliza. Daktari asiye na kosa akahama nyumba yake. Sasa fikirini ubao wetu wa kijiji. Tuseme umeandikwa jina "Juma". Jamani, hapa kwetu wako akina Juma wangapi? Hasira haiulizi jina la ubini. Na kofi lililokwisha pigwa halirudishwi.

Shida ya tatu ni kubwa kuliko zote. Daftari linatufanya tumwogope mtu wa mbali, wakati kikulacho ki nguoni mwako. Huko Marekani serikali ilihesabu kesi za watoto zilizofika polisi, na hesabu ikatolewa mwaka 2000. Katika kila watoto 100, watoto 34 walitendewa na mtu wa familia. Watoto 59 walitendewa na mtu wanayefahamiana naye. Watoto 7 tu ndio waliotendewa na mtu wasiyemjua.

Na hapo kuna jambo jingine. Mwovu akiwa baba mdogo au mjomba, ukibandika jina lake ubaoni, umembandika na mtoto. Kijiji kizima kitajua ni mtoto yupi.

NA HAPA SINGIDA?

Kwetu hakuna ubao wa hadharani wa majina hayo. Hata hivyo rekodi ziko. Polisi wanatunza alama za vidole vya waliohukumiwa. Mwajiri anaweza kumwambia mtu alete hati ya polisi inayoonyesha kama ana rekodi ya makosa. Basi kamati ya shule isione haya. Kabla ya kumpa mtu funguo za bweni, iulize: Umetoka wapi? Ulifanya kazi na nani? Hati yako ya polisi iko wapi?

Na sheria yetu ni kali. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, namba 4, iliyobadili Kanuni ya Adhabu. Mbakaji anafungwa maisha au muda usiopungua miaka 30, na mahakama inaweza kuamuru alipe fidia. Aliyembaka mtoto wa kike aliye chini ya miaka 10 anafungwa maisha. Tangu mwaka 2016, mtu anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30.

Sasa hesabuni. Mtu aliyefungwa akiwa na miaka 40, akikaa ndani miaka 30, anatoka akiwa mzee wa miaka 70. Je, huyo ndiye wa kutuhangaisha usiku? Wa kutuhangaisha ni yule ambaye hakufikishwa mahakamani hata siku moja. Hayumo katika daftari la polisi, wala la Kenya, wala la Marekani. Jina lake halikuandikwa popote, kwa sababu jambo lilimalizwa nyumbani.

Mnajua linavyomalizwa. Wazee wanakaa chini ya mti. Mbuzi anatolewa, au ng'ombe, au fedha kidogo. Baba wa mtoto anapokea, anasema, "Tumeelewana, sisi ni ndugu." Mtoto hakuulizwa. Mbuzi analiwa na watu wazima, maumivu yanabaki kwa mtoto. Mwaka unaofuata mtu yule anahamia kijiji kingine, kuchunga au kulima alizeti. Huko anapokewa kwa heshima, maana hakuna anayemjua.

Mwaka 2009 ulifanywa uchunguzi katika nchi yetu yote juu ya ukatili kwa watoto. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema walitendewa ukatili wa kijinsia kabla ya kufika miaka 18. Kwa wavulana alikuwa 1 katika kila 7. Ndiyo, wavulana pia. Na karibu nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Kwa wavulana, karibu wawili katika kila watatu walinyamaza.

Basi ndugu zetu, ukurasa wa kwanza wa daftari lolote ni taarifa. Kama taarifa haikutolewa, daftari ni karatasi tupu, hata likitunzwa na serikali tajiri namna gani.

TUFANYE NINI JAMBO LIKITOKEA?

Shikeni mambo haya saba. Yanakiliwe, yawekwe nyumbani.

1. Msikilize mtoto. Usimpige, usimwambie "ulifuata nini huko?" Mwambie, "Umefanya vizuri kusema. Kosa si lako."

2. Usimwogeshe, usifue nguo zake. Nguo ni ushahidi. Zifunge katika karatasi safi, usitie katika mfuko wa plastiki, maana unyevu utaziharibu.

3. Nenda polisi upewe fomu ya PF3, na nenda hospitali haraka. Kama mtoto ameumia sana, atibiwe kwanza. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianze kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu. Anayeanza mapema zaidi ana nafuu zaidi. Siku tatu zinaisha haraka kama wazee bado wanazungumzia mbuzi.

4. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Omba kuzungumza hapo, faraghani. Kama polisi wako mbali, piga simu namba 116. Ni simu ya kusaidia watoto, na haina malipo. Mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii nao wana kazi hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kila mtu mwenye habari za mtoto anayenyimwa haki zake ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mahali hapo.

5. Andika. Hapa ndipo kisomo kinapolipa. Andika tarehe, saa, mahali, na maneno ya mtoto kama alivyoyasema yeye, usiyapambe. Polisi wakikupa namba ya RB, iandike. Andika jina la askari aliyekupokea. Weka karatasi hiyo mahali salama. Usiitembeze kijijini, na usiitume kwenye makundi ya simu.

6. Usikubali kesi hii iishie barazani. Ubakaji si shauri la wazee, wala la baraza la kata. Ni kesi ya mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi. Fidia nayo ni ya mahakama kuamua.

7. Siku ya kesi, shahidi afike. Mwenye baiskeli ampakie shahidi asiye na nauli. Kesi bila shahidi hufa. Hata mtoto mdogo anaruhusiwa kutoa ushahidi akiahidi kusema kweli, na mahakama ikimwamini, ushahidi wake peke yake unaweza kutosha.

TUSIFANYE NINI?

Tusichukue sheria mkononi. Mtu akipigwa mpaka kufa, hakuna kesi tena, na hatutajua kamwe kama alikuwa yeye au alikuwa mwingine. Tena waliompiga watashtakiwa kwa kuua. Mkamateni, mkabidhini kwa polisi.

Tusimtaje mtoto. Jina lake ni lake. Hata mahakama katika hukumu zake mara nyingi humwandika kwa herufi tu, ili asijulikane.

Tusimsingizie mtu kwa ajili ya ugomvi wa mpaka wa shamba. Miaka 30 si mchezo. Anayesema uongo anamdhulumu mtuhumiwa, na anawadhulumu watoto wote watakaosema kweli kesho, maana watu watakuwa wamekwisha choka kuamini.

Na mtu akitoka gerezani, amemaliza kifungo chake, amerudi kijijini, tumfanye nini? Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wajue. Ndugu zake wajue. Asipewe kazi ya watoto. Asiachwe kulala nyumba moja nao. Lakini apewe shamba alime, asalimiwe, aende msikitini au kanisani kama wengine. Macho yetu yawe kwake, na mlango usifungwe. Mtu anayeonekana kila siku ni rahisi kumlinda asirudi alikotoka.

MWISHO

Ndugu wanakisomo, wenzetu wa nchi nyingine wametengeneza madaftari. Mengine yamesaidia, mengine yamejeruhi. Hatuwezi leo kuamua kama Tanzania iwe na daftari la wazi. Hiyo ni kazi ya Bunge, na wananchi tuna haki ya kumwambia mbunge wetu tunavyofikiri. Lakini kuna kazi isiyongoja Bunge. Usiku huu kila mzazi anaweza kumwuliza mtoto wake: "Je, kuna mtu anayekuogopesha?" Kisha anyamaze, asikilize jibu.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya mtu anayetuhumiwa na mtu aliyehukumiwa?

2. Daftari la Marekani na la Kenya yanatofautianaje? Lipi lingefaa kwetu, na kwa sababu gani?

3. Katika kijiji chetu, nani anapaswa kupewa taarifa kwanza? Andikeni jina la cheo chake na namba ya simu, mbandike katika darasa la kisomo.

4. Kutoka hapa mpaka polisi na hospitali ni mwendo wa saa ngapi? Nani ana baiskeli au pikipiki ya kusaidia usiku?

5. Tufanye nini mzee wa ukoo akisema, "Tumalize nyumbani"?